Mlango wa Gereji Unapotoa Jasho

Wasikilizaji wangu wa Houston, Katy, Richmond, Pearland na huko chini Galveston, leo nataka tuzungumze juu ya mlango. Si ule wa mbele wenye kengele. Ni ule mkubwa wa gereji, unaovutwa juu na mota ukaenda kulala chini ya dari. Na nyinyi mnaotusikia kutoka nyumbani, Dar au Bukavu, gereji ninayoisema si ya fundi magari. Ni chumba cha gari kilichoungana na nyumba, kinashiriki nayo ukuta na mara nyingi paa.

Joto likianza tu, wauzaji wa milango hii hupita mitaani wakibisha hodi. Wana kijitabu chenye picha, na maneno yao wanayajua kwa moyo: ondoa mlango wako wa bati moja, weka wenye insulesheni, yaani mabati mawili na povu gumu katikati. Joto litakwisha, bili ya umeme itashuka, unyevu utakoma. Katika hayo matatu, la kwanza nalikubali kwa sehemu kubwa, la pili kwa sehemu ndogo, na la tatu nina ugomvi nalo. Ugomvi huo ndio umenileta mbele ya maikrofoni leo, kwa sababu watu wetu wananunua mlango mzuri kwa pesa walizozitolea jasho, kisha wanaendelea na mazoea yale yale ya asubuhi yanayowajazia maji gerejini.

Kwanza tuambiane ukweli kuhusu gereji zetu. Jirani Mmarekani naye huacha gari nje na kujaza vitu ndani, lakini sisi tumezidi. Gereji ya Mswahili wa Houston ni ghala. Kuna friza ya nyama ya mbuzi na samaki, kuna magunia ya mchele na unga wa muhogo, masufuria ya shughuli, viti vya kukunja vinavyozunguka kutoka harusi hadi msiba, na mapipa ya buluu yanayosubiri kujaa ili yapakiwe melini kwenda Dar au Mombasa. Kuna masanduku ya nguo za marehemu mama ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuyafungua. Pembeni, katika nyumba nyingi, limesimama tangi la maji moto. Vitu hivi havipendi joto, na unyevu ndio vinauchukia zaidi.

Sasa tazama kinachovilinda. Mlango wa magari mawili kwa kawaida una upana wa futi 16 na kimo cha futi 7, yaani zaidi ya mita za mraba 10. Hakuna uwazi mwingine katika nyumba unaoukaribia. Na katika nyumba nyingi za bei ya kawaida, uwazi wote huo umezibwa kwa bati la chuma lenye unene wa nusu milimita hivi. Ukuta wa chumba chako una matofali, mbao, sufi ya vioo na jipsamu. Halafu pale penye upana kuliko pote, bati.

Mwezi wa Agosti, mlango kama huo ukiwa unatazama magharibi na umepakwa rangi ya kahawia iliyokolea, chuma chake alasiri huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Jaribu kuweka kiganja upande wa ndani; hutakiacha hapo. Bati hilo halipitishi joto tu, lenyewe limekuwa hita. Linalitupa joto kwenye friza, kwenye sakafu, na kwenye ukuta unaotenganisha gereji na chumba cha watoto. Na kama nyumba yako ina chumba juu ya gereji, huna haja ya kuelezwa. Ni kile ambacho kiyoyozi hakikiwezi, na mgeni akilazwa humo mwezi wa Julai anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mlango wenye povu unaikata njia hiyo. Bati la nje linachomwa na jua kama kawaida, lakini la ndani linabaki karibu na joto la hewa ya chumba. Hili si porojo. Ukilinganisha gereji mbili za mtaa mmoja, zinazotazama upande mmoja, saa kumi za jioni, tofauti utaihisi usoni kabla hujatafuta kipimajoto.

Lakini namba zinazotumika kuuzia milango hii zinahitaji jicho. Wamarekani hupima uwezo wa kuzuia joto kwa herufi R na namba yake: namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida zaidi. Polistirini, lile povu jeupe linalokuja na televisheni kwenye boksi, hutoa kama R-4 kwa kila inchi ya unene. Poliyurethani, inayomiminwa ikiwa majimaji katikati ya mabati mawili ikavimba na kushikamana nayo, hutoa kama R-6 na ushei. Ndiyo maana utakuta milango ya R-6, ya R-9, ya R-12, mpaka R-18.

Chukua kalamu. Tuseme mlango wa bati tupu ni R-1, na unapitisha vipimo 100 vya joto. Wa R-6 utapitisha kama 17. Wa R-12 utapitisha kama 8. Wa R-18, kama 6. Hatua ya kwanza imekuondolea vipimo 83, ya pili 8 au 9, ya tatu 2 au 3. Muuzaji anayekupandisha kutoka R-12 kwenda R-18 anakuuzia makombo kwa bei ya sahani nzima. Tena namba iliyochapishwa kwenye kijitabu mara nyingi hupimwa katikati ya paneli, penye povu kamili, si kwenye maungio ya paneli wala pembezoni, ambako hewa inajipitia yenyewe.

Na inua macho juu. Katika nyumba nyingi za hapa, dari ya vyumba imelazwa sufi nene, lakini dari ya gereji haina kitu. Juu yake kuna hewa ya moto na paa la vigae vya lami. Ukiweka mlango wa R-18 chini ya dari iliyo tupu, joto litakushukia kutoka juu bila kuomba ruhusa. Mimi ningeigawa pesa: mlango wa katikati, na sufi kwenye dari.

Kuna jambo jingine ambalo kijitabu hakilisemi. Povu halichagui upande. Ukirudi kazini saa kumi na mbili jioni ukaingiza gari lenye injini ya moto, ukafunga mlango, joto la injini linabaki ndani nawe. Mlango wa bati tupu ungelitoa nje usiku kucha. Kwa hiyo mwenye povu gari aliache nje lipoe kwanza, nusu saa au saa nzima. Kuhusu bili ya umeme, kama gereji yako haina kiyoyozi, unachookoa ni lile joto dogo lililokuwa linapenya ukuta wa pamoja. Kipo, lakini usikipigie hesabu ya kulipia mlango.

Haya, tuje kwenye unyevu.

Houston iko kilomita 80 hivi kutoka ufukwe wa Galveston. Mvua yake ya mwaka, kama milimita 1,300, haipishani sana na ya Dar es Salaam, na alfajiri unyevu wa hewa yake kwa wastani huwa karibu na asilimia 90. Hewa ya vuguvugu hubeba mvuke mwingi. Ikipozwa, inafika mahali haiwezi tena kuubeba wote, na unaozidi unageuka maji. Joto la mahali hapo ndilo kiwango cha umande. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, kwa mfano, ina kiwango cha umande cha karibu nyuzi 26. Kitu chochote chenye ubaridi chini ya hapo kikiguswa na hewa hiyo kinalowa, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu.

Mtu angedhani basi mlango utatoa jasho Agosti, wakati hewa imelemewa na mvuke. Hapana. Agosti bati ni la moto, na cha moto hakilowi. Msimu wa jasho hapa ni kuanzia Desemba mpaka Machi. Baridi ya kaskazini inashuka, siku mbili tatu usiku unafika nyuzi 4 au 5. Zege la sakafu linapoa taratibu, chuma kinapoa, springi zinapoa. Kisha usiku mmoja upepo unageuka, unaanza kuvuma kutoka Ghuba ya Meksiko, na kukikucha ni nyuzi 21 na ukungu umetanda barabarani.

Ingia gerejini asubuhi hiyo na tochi, uimulike upande. Kwenye bati la ndani kuna vitone vimejipanga kwenye mikunjo ya paneli. Kimoja kikishiba kinashuka, kinakusanya wenzake njiani, kinaacha mchirizi safi kwenye vumbi, kinaishia kwenye ukingo wa chini. Ukingo huo una umbo la mfereji, na maji yanakaa humo mpaka yakauke yenyewe. Piga goti uutazame kwenye kona mbili. Mlango wa miaka saba au minane utakuonyesha rangi imevimba, ukiigusa kwa ukucha inabanduka, na chini yake ni kahawia. Hapo ndipo yalipofungwa mabano yanayoshika waya za kunyanyulia mlango. Kutu ya mahali pengine ni aibu tu. Kutu ya hapo ni hatari, kwa sababu waya hizo zimevutwa kwa nguvu ya uzito wote wa mlango.

Si lazima hata baridi ya kaskazini ishuke. Usiku wa anga jeupe lisilo na wingu, bati jembamba linapoteza joto kuelekea angani na kupoa kuliko hewa inayolizunguka, vile vile paa la gari linavyokutwa na umande alfajiri.

Kwa jasho hili la bati, mlango wenye povu ni dawa ya kweli. Bati la nje litapoa lipendavyo. La ndani halilifuati. Linakaa karibu na joto la hewa ya gereji na kwa nadra sana linafika kwenye kiwango cha umande. Ukingo wa chini unakaa mkavu, boliti zinaishi, na rangi haivimbi. Kwa waliogeuza gereji kuwa saluni ya kusuka, ofisi au chumba cha mazoezi na kuweka kiyoyozi, sioni hata sababu ya kujadiliana. Kupoza gereji yenye bati tupu ni kupoza mtaa, na usiku wa Agosti, jua likishazama, bati hilo lililopozwa kwa ndani litalowa kwa nje.

Mpaka hapo mimi na muuzaji tunaelewana. Tunaachana anaposema unyevu utakoma. Mlango hauondoi hata tone moja la mvuke hewani. Kazi yake ni kuunyima mahali pamoja pa kutua. Mvuke ulioingia utatua pengine: kwenye zege, kwenye friza, kwenye rinchi na misumeno, ndani ya mapipa, kwenye ngozi ya viatu na mikoba. Na zege ndilo kubwa kuliko yote. Linachukua siku kadhaa kupata joto, na povu la mlangoni haliligusi.

Mvuke huo unaingiaje? Sehemu kubwa tunauingiza wenyewe, kwa mikono yetu, tukijua tunafanya usafi. Sisi tuliolelewa Tanga, Mombasa, Unguja au Bagamoyo tumefundishwa kwamba nyumba ikinukia unyevu unafungua madirisha na milango, unaacha upepo upite. Mama zetu walikuwa sahihi kabisa. Mombasa usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20, na tofauti ya usiku na mchana ni ndogo. Ukuta na sakafu vina joto linalokaribiana na la hewa mwaka mzima. Hewa ikipita, haikuti kitu cha baridi cha kuilowesha. Inachukua unyevu uliopo na kutoka nao upande wa pili. Nyumba ya pwani imejengwa ihemee nje, na ukiifunga inaoza.

Houston inakuchezea mchezo mwingine. Hapa hewa inaweza kuruka kutoka nyuzi 5 hadi 21 katika siku mbili, na zege haliwezi kukimbia nayo. Ukifungua mlango asubuhi ya ukungu ili gereji ipate hewa, umeialika hewa ya nyuzi 21 iliyojaa mvuke ikalale juu ya sakafu ya nyuzi 12. Nimesimama kwenye gereji ya mzee mmoja wa mtaa wa Alief hapa Houston, akinionyesha sakafu inayong'aa kwa maji na kulalamika kwamba wajenzi walimdhulumu, hawakuweka nailoni chini ya zege. Mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri. Kila alipopiga deki aliuacha wazi zaidi ili pakauke, na kila alipouacha wazi palilowa zaidi. Tulipoufunga tukawasha feni na mashine ya kukausha hewa, jioni palikuwa pakavu. Wajenzi wale wana makosa yao mengine, lakini hilo halikuwa lao.

Kinachochekesha ni kwamba siku nzuri ya kufungua ipo, nayo ndiyo sisi tunayojifungia ndani na blanketi. Ni siku ile baridi ya kaskazini imeshapita, anga ni buluu, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Siku hiyo vaa koti, fungua mlango wa gereji mchana, acha saa moja au mbili. Hewa hiyo ina mvuke kidogo, itabeba wa kwako na kuondoka nao. Upepo ukianza kugeuka kutoka baharini, funga. Kama huamini pua yako, nunua kipima unyevu, kile kidogo cha dola chache, ukitundike mbali na mlango. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 60, ukungu hupata shida kuota. Ukizidi hapo wiki baada ya wiki, masanduku ya mama yatakuambia.

Kwa hiyo mimi pesa ya kwanza siipeleki kwenye povu. Naipeleka kwenye mpira. Ingia gerejini saa sita mchana, funga mlango, zima taa, subiri macho yazoee giza. Mahali popote unapoona mwanga, hapo hewa ya Ghuba inaingia saa 24. Mara nyingi ni pembe mbili za chini, ambako mpira umekakamaa na kupasuka kwa jua, au pale sakafu iliposhuka kidogo katikati na mpira haugusi tena. Mpira wa chini na ile mipira ya pembeni na juu hubadilishwa kwa bei ndogo, na mtu mwenye ngazi na bisibisi anaweza kuifunga mwenyewe Jumamosi moja. Mlango wa R-18 wenye mpira uliopasuka utakupa bati la ndani kavu na gereji yenye mvuke wote wa mtaani.

Jaribio la pili ni la sakafu. Kata nailoni angavu ya mraba, kila upande sentimita 45, ibandike kwenye zege kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo, uiache kuanzia jioni mpaka kesho yake mchana, isipungue saa 16. Ukikuta maji chini ya nailoni, unyevu unatoka ardhini, na hapo mzee wa Alief angekuwa na kesi. Ukikuta maji juu yake, unatoka hewani. Tiba hazifanani, ndiyo maana inafaa kujua kabla hujamlipa mtu.

Na tafuta chemchemi za ndani. Mashine ya kukaushia nguo ambayo bomba lake la hewa limechomoka nyuma inapumulia humo humo gerejini. Hiyo pekee inamwaga maji ya mzigo mzima wa nguo hewani. Gari lililotoka mvuani linadondosha maji usiku kucha. Vali ya tangi la maji moto inavuja tone tone nyuma ya magunia. Ukishaziba haya, ndipo mashine ya kukausha hewa inakuwa na maana. Ukiiwasha kwenye gereji yenye matundu, umeipa kazi ya kukausha Ghuba ya Meksiko.

Sasa kwa aliyeamua kununua. Poliyurethani ndiyo ninayoipendelea kwa hali ya hapa, si kwa sababu ya namba ya R tu. Kwa kuwa imeshikamana na mabati yote mawili, paneli inakuwa ngumu, haibonyei mtoto akiipiga mpira, na mlango unapanda bila kelele za mabati. Polistirini ni nafuu, na ikiwa imefungwa vizuri kati ya mabati mawili inatosha watu wengi. Ninayoionea shaka ni ile ya kujibandikia mwenyewe, vipande vya povu au sufi vinavyouzwa kwenye boksi ili uvipachike nyuma ya bati lako la zamani. Joto vinazuia. Lakini katika hewa hii mvuke unapenya nyuma ya kipande, unalikuta bati baridi, unageuka maji mahali usipoweza kuyaona wala kuyafuta. Ukija kukibandua baada ya miaka miwili unakuta kutu imeenea bati zima. Tena povu lililo wazi hushika moto upesi. Kama huna budi, chagua lenye uso uliopimwa kwa moto, na uzibe kingo zake zote kwa utepe wa foili.

Uzito nao. Springi ndefu iliyo juu ya mlango imepimwa kwa uzito wa mlango ule ule. Ongeza kilo kadhaa za povu na springi haitoshi tena. Mota inabeba mzigo ambao si wake na inakufa mapema. Kuna njia rahisi ya kujua. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu inayoutenganisha na mota, unyanyue kwa mkono mpaka nusu, uuachilie kwa tahadhari. Uliosawazishwa vizuri unabaki hapo hapo. Ukishuka, springi ni dhaifu kwa uzito huo. Ukishajua, mwite fundi wa milango. Springi yenyewe usiiguse, wala yale mabano ya chini yenye waya. Imevunja mikono ya wanaume waliodhani ni kazi ya spana tu.

Rangi, kwa mlango unaotazama magharibi, chagua nyepesi au nyeupe. Mlango wa mabati mawili uliopakwa rangi ya giza hupinda kwenye jua kali, kwa sababu bati la nje linatanuka na la ndani halitanuki, na siku hiyo unaweza kukwama ukisugua fremu. Vyama vya wenye nyumba wa mitaa vina orodha zao za rangi. Ulizeni kabla ya kuagiza, maana barua zao za faini mnazijua. Na mpangaji hawezi kubadilisha mlango wa mwenye nyumba, lakini kumwomba ruhusa ya mpira mpya na kununua kipima unyevu hakumgharimu sana.

Kuna jambo moja la kutisha kidogo. Gereji iliyozibwa vizuri inahifadhi na moshi vizuri. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipoacha kaya na biashara zaidi ya milioni 4 za Texas bila umeme, watu wengi wa Houston na vitongoji vyake walidhurika kwa kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa sababu waliwasha magari gerejini wapate joto, au walileta jiko la mkaa ndani. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa hatuliogopi, kwa kuwa jikoni kwetu kulikuwa na matundu. Gereji yenye mlango wa povu na mpira mpya haina. Gari lisiungurume humo hata dakika mbili mlango ukiwa umefungwa. Jenereta ikae nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekezwa mbali na madirisha. Baada ya kimbunga Beryl cha Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 wa umeme walikaa gizani, wengine kwa siku nyingi, na jenereta ziliunguruma kila mtaa. Kengele ya kaboni monoksidi iwekwe upande wa ndani wa nyumba, karibu na mlango wa kwenda gerejini.

Na kwa kuwa nimetaja kimbunga, nimalizie hapo. Watu wanachanganya mlango wenye povu na mlango wa kuhimili upepo. Ni vitu viwili. Kimbunga Andrew kilipoipiga kusini mwa Florida Agosti 1992, wachunguzi walikuta milango mingi ya gereji imesukumwa ndani. Upepo ukishaingia kwa uwazi mkubwa kiasi hicho, unalisukuma paa kutoka chini huku ule wa juu ukilivuta, na paa linaondoka. Kanuni za ujenzi za Florida zilikazwa baada ya hapo. Povu huifanya paneli kuwa ngumu zaidi, lakini kinachouzuia mlango usisukumwe ni mihimili ya chuma nyuma ya paneli, reli nene na bawaba zilizopimwa kwa shinikizo la upepo. Mlango mmoja unaweza kuwa na vyote viwili. Ulizia kwa maandishi. Kwa nyinyi wa Galveston na wilaya za ukingoni mwa bahari mnaokata bima ya upepo kwa Texas Windstorm Insurance Association, mlango mpya unatakiwa ukaguliwe na kupewa cheti kwamba umefungwa kwa kanuni za upepo. Fundi anayekuambia cheti si lazima, mwache aende zake. Ukikipata, kiweke ndani ya nyumba pamoja na karatasi za bima, si gerejini.